Jina la Ukoo Kwenye Jalada

Juzi, kwenye steshenari moja ya Mkuyuni, nilisubiri zamu nyuma ya mama mmoja aliyekamilisha ripoti yake ya utafiti wa stashahada. Dada wa kompyuta alikuwa akimtengenezea jalada lenye fremu ya bluu, na jina lake katikati kwa herufi za mapambo. Mama alilitazama kama sisi wa kando ya ziwa tunavyolitazama ziwa asubuhi.

"Weka herufi za kawaida, mwanangu," alisema taratibu. "Baba yangu hajui kusoma, ila jina la ukoo analitambua. Limeandikwa kwenye mtumbwi wake."

Dada akabadilisha herufi, akalikuza jina la ukoo. Karatasi ilipotoka, mama aliipapasa ingali na joto, akatabasamu peke yake.

Walimu wake watatafuta makosa kurasa zote. Mimi namwonea wivu mzee atakayesoma neno moja tu.