Skrini ya Mashine Namba Nne

Kafedha Katana alikuwa karani wa kumbukumbu katika ghala moja la mizigo kule Changamwe, mama wa makamo aliyezaliwa Mwakirunge na kujifunza kompyuta ukubwani. Miaka tisa alikalia kompyuta waliyoiita mashine namba nne. Kila mzigo ulioingia aliuandikia ukurasa wake: umetoka wapi, una nini ndani, ushikwe vipi. Mkono wake ulikuwa mzito kwenye kibodi, lakini hakuna aliyewahi kumkuta na kosa.

Alhamisi ile pipa moja lilipasuka. Hamali aitwaye Lewa, aliyekuwa akilisukuma mikono mitupu, alianguka akikohoa povu huku macho yamefura. Kafedha ndiye aliyepanda naye gari la wagonjwa, na jioni nzima alisimama hospitalini ameshika viatu vya Lewa, asijue pa kuviweka. Daktari akamwambia kwamba meneja amepiga simu, amesema pipani mlikuwa na sabuni ya maji. Kafedha akakana. Ile ni sumu ya kuulia wadudu, akasema, yeye mwenyewe ameiandika Jumanne, na akaandika kwamba asiiguse mtu bila barakoa na glavu. Daktari akataka jina hasa la sumu hiyo. Lilikuwa jina refu la kikemia, hakulikumbuka. Akaahidi kulileta.

Ijumaa asubuhi aliacha simu yake langoni kama makarani na mahamali wote, maana wao hawakuruhusiwa simu ndani, akakaa na kufungua ule ukurasa. Uliandikwa: sabuni ya maji. Tahadhari ya barakoa haikuwapo.

Akateremka hadi chini kabisa, mahali ambapo programu huorodhesha mabadiliko yote, akakuta kwamba aliyebadilisha ni Kafedha Katana, jana saa kumi na dakika arobaini. Saa kumi na dakika arobaini alikuwa hospitalini na vile viatu. Pembeni, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba badiliko lilifanywa kutoka mashine namba moja. Mashine namba moja iko ofisini kwa meneja, Bwana Maxwell.

Orodha hiyo ilibeba pia jina la sumu kama alivyoliandika Jumanne. Akalinakili kwenye karatasi herufi kwa herufi, akaikunja ndani ya sidiria. Alipoinua kichwa akaona tangazo jipya ukutani: mashine zote zitasafishwa leo saa tisa alasiri. Akaelewa kwamba kitakachosafishwa ni ile orodha.

Ushahidi ungetokaje mle ndani? Printa ilikuwa chumbani kwa meneja. Flashi hazikusomeka kwenye mashine zile. Kilichobaki ni kuipiga picha skrini kwa kompyuta yenyewe na kuituma kwa barua pepe, na kuipiga picha Kafedha hakuwahi kulifanya.

Saa ya chakula akatoka mbio. Langoni alichukua simu, akampigia Nyamvula, mke wa Lewa, aliyekuwa hospitalini kumuuguza, akamsomea lile jina mara tatu mpaka akalisema sawasawa mbele ya daktari. Kisha akavuka barabara hadi kwa Bi Mwanarusi, mwenye saiba, duka la intaneti linalotazamana na ghala, akamkuta anashusha mlango kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Hakumweleza yote. Alimwambia tu kwamba ana ukurasa mrefu anaotaka kuupiga skrinshoti, na ameona mtandaoni programu ya bure inayoteremka yenyewe na kuuchukua wote kwa mpigo mmoja.

Bi Mwanarusi alimtazama, akauacha mlango nusu.

"Hiyo usiiguse, mwanangu. Nyingine zapeleka picha zako kwa wenyewe bila kukuuliza. Na kompyuta ya kazini, ukiiwekea kitu kigeni, fundi wao ajua papo hapo."

Akamweleza kwamba kuna kifaa chenye alama ya mkasi, ambacho kimo tayari kwenye kompyuta, unakata kipande unachotaka. Lakini kipande hakina saa wala tarehe, na mtu mbishi atasema umekitunga. Bora kitufe cha kibodi chenye herufi PrtSc, ukikibonyeza pamoja na kile chenye alama ya dirisha. Kinachukua skrini nzima, na saa ya pembeni, na picha inajiweka yenyewe kwenye faili la picha. Ukurasa ukiwa mrefu, apige vipande vipande, kila kimoja kianze na mstari wa mwisho wa kilichotangulia.

Saa nane alikuwa kitini tena. Akabonyeza. Skrini ikafifia kidogo kisha ikarudi, na Kafedha akaruka kama aliyeguswa na umeme. Alidhani meneja ameiona kwenye mashine yake. Akasikiliza. Mlango wa meneja haukufunguka. Akateremka mistari kadhaa, akabonyeza tena. Jasho lilimtiririka mgongoni ingawa feni ilikuwa inazunguka juu yake. Picha zilifika sita. Akaziambatisha kwenye barua pepe, akaandika anwani ya ofisi ya serikali inayokagua usalama wa wafanyakazi, akaweka jina lake kamili chini, kisha akabaki ameshika kipanya asiweze kubonyeza. Aliwaza wanawe watatu. Akawaza Lewa na povu lile. Akabonyeza.

Barua ilikuwa haijamaliza kwenda Clifford alipoingia. Huyu ndiye fundi wa kompyuta, kijana wa bara, mpole, ambaye Kafedha hakujua yuko upande gani. Alisema ameambiwa aanze na namba nne. Kafedha akasimama, akampisha. Clifford akafungua faili la picha, akakuta zile sita. Akazitazama moja moja, bila haraka.

"Mama, hizi umezipiga na nini?"

"Kitufe cha kibodi tu."

Clifford akapunguza sauti. "Heri. Ungeweka programu ya mtandaoni, ujumbe ungeingia kwenye simu ya meneja kabla ya kwangu."

Akangoja barua ikamilike kwenda, ndipo akazifuta zile picha kama alivyoagizwa, na ile orodha nayo. Kafedha hakuthubutu kumshukuru.

Wakaguzi walikuja Jumanne iliyofuata. Meneja alidai picha zimetungwa. Wakamwonyesha saa kwenye kona ya kila moja, na namba ya mashine, na daftari la hospitali linaloonyesha Kafedha alikuwa wapi. Meneja aliondolewa kazini kabla ya mwezi kwisha. Lewa, aliyeanza kutibiwa dhidi ya sumu ile Ijumaa ileile mchana, alitoka baada ya wiki saba, macho yakitoa machozi juani lakini yanaona.

Kafedha bado yuko mashine namba nne. Kwa miezi mingi aliteremka kituo kimoja kabla ya chake, akapita njia za nyuma hadi nyumbani, akigeuka kila anaposikia pikipiki ikipunguza mwendo. Wakaguzi walipomwita kutoa ushahidi, mmoja alimuuliza kama siku ile hakuogopa.

"Naogopa mpaka sasa," akajibu, kisha akaomba aonyeshwe pa kutia sahihi.