Kurasa za Mwendo wa Baba

Nimerudi Mang'ola tangu mwezi uliopita, na kila siku ninachora mtu mmoja anayetembea. Naweka karatasi kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite, nachora mguu, naweka karatasi nyingine juu yake, nachora mguu tena. Nikimaliza namwonyesha mama. "Siyo," anasema. Nimekosea wapi? "Sijui. Siyo yeye tu." Chuo kikuu kilinifundisha kudai ushahidi wa kila kitu, na hapa ushahidi ndio sina. Tuna picha moja ya baba, amesimama kama nguzo ya umeme, mikono ubavuni, kama watu wote waliowahi kuambiwa watulie na mpiga picha. Simu yetu enzi zile ilikuwa ya kitochi. Haikurekodi mtu.

Kama umekulia huku utakumbuka msimu wa vitunguu. Harufu iliingia kwenye ngozi, kwenye shuka, mpaka kwenye uji wa asubuhi. Sisi watoto tulitoka shule tukakaa chini na mama zetu kukata majani na mizizi, vidole vikigeuka vyeusi, maji yakipita mferejini nyuma yetu na malori yakinguruma mbele. Baba alikuwa mpakiaji. Alibeba lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo hadi linatuna juu kama nundu ya ng'ombe, akapanda nalo ubao mwembamba mpaka ndani ya lori. Sikuwahi kumtazama. Nani humtazama baba yake akitembea? Alikuwa akienda na akirudi, basi.

Nilikuwa darasa la sita kiharusi kilipomwangusha. Upande wa kulia ulikufa. Alilazwa Karatu wiki kadhaa, akarudishwa nyumbani na maagizo mawili ya mtaalamu wa mazoezi: anyooshe mguu kila siku, na kabla ya kujaribu kusimama afumbe macho, ajione akitembea. Mwili hufuata kichwa, aliambiwa. Baba alifumba macho kutwa nzima juu ya mkeka mlangoni. Jioni akaniambia, kwa ulimi ule mzito, "Naona giza tu, mama." Mama ndilo jina aliloniita siku zote.

Hapo nikapata wazo ambalo leo ningemcheka mtu mwingine akiniambia. Kama hawezi kujiona, nitamchora.

Jirani yetu alikuwa mchoraji wa mabango. Aliandika majina ya hoteli za watalii na milango ya gereji za Karatu, lakini ujanani aliwahi kusoma Dar es Salaam namna ya kuchora katuni zinazotembea, na kazi ya namna hiyo hakuipata. Tulimwita Anko. Nilimkuta anasafisha brashi kwa mafuta ya taa, nikamwambia ninachotaka.

"Utaanza na kitunguu," akasema. "Kidondoshe."

Alinifundisha kwenye kona za kaunta buku. Unaanza na ukurasa wa mwisho ukija mbele, kwa sababu karatasi ni nyembamba na mchoro wa chini unaonekana. Kisha unaachia kurasa kwa kidole gumba, zinapita frrr, na kitu kinasogea. Kitunguu changu cha kwanza kilishuka kama kimefungwa kamba. Akanionyesha kwamba kitu kikianza kuanguka michoro hukaa karibu karibu, kisha huachana kadiri kasi inavyokua. Nikachora upya. Safari hii kilipofika chini kikapanuka na kubonyea, kama alivyonieleza.

"Hiki kitunguu au andazi?"

"Si umesema vitu vikianguka vinabonyea?"

"Mpira, ndiyo. Kitunguu umekishika maisha yako yote, mtoto wewe. Kinabonyea?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini unaniamini mimi kuliko mkono wako?"

Tukafika kwa mtu. Chora kwanza miguu inapoachana kabisa, halafu inapopishana, ndipo ujaze katikati. Kabla ya kwenda mbele mwili hurudi nyuma kidogo. Mkono hauendi kwa mstari ulionyooka, unapita kama upinde. Na mtu hushuka na kupanda kila hatua. Ukitazama anavyoshuka utajua amebeba nini. Nilijaza daftari la hisabati, nikachapwa shuleni, nikajaza la jiografia. Mguu wa baba ulikuwa unakonda. Ndugu walikuja kusali, wakaja na mizizi ya kuchemsha, kisha wakaacha kuja.

Nilipomaliza, Anko aliachia kurasa mara tatu, akanirudishia daftari. "Anatembea. Lakini huyu ni askari wa gwaride. Baba yako alikuwa anatembeaje?"

Sikujua. Nilimuuliza mama, akajibu kwamba alitembea kama mwanamume, niache maswali nikateke maji. Nikaenda kwenye malori.

"Mzee wako?" mpakiaji mmoja akasema. "Alikuwa anatupa mguu wa kushoto nje, hivi."

"Acha uongo. Huyo ni wewe ukitoka kilabuni."

"Haya, onyesha wewe."

Wa pili akajitwika gunia tupu, akainamisha shingo, akaenda kwa hatua fupi, visigino havigusi chini. Wenzake walicheka, isipokuwa aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote. "Visigino sawa," akasema. "Bado bega. Bega la kulia lilitangulia, kama mtu anayepita mlango mwembamba." Akamshika mwenzake bega, akalisogeza. Mwenzake akatembea tena, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Eeh," mmoja akasema. "Huyo ndiye."

Nilimchora huyo mpaka macho yakaniuma. Kisha nikakaa mkekani kwa baba. Kuachia kurasa kunataka mikono miwili naye alikuwa na mmoja, kwa hiyo niliziachia mimi, karibu na uso wake. Bega likatangulia, visigino vikaelea. "Tena," akasema. Nikarudia. "Tena." Machozi yalikuwa yanamshuka kwenye shavu moja.

"Huyu ni baba yangu."

Babu alikufa kabla sijazaliwa. "Hapana, baba. Ni wewe."

"Mimi sitembei hivyo. Huyu ni mzee wangu, anakwenda mnadani. Ona bega."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilielewa jambo moja tu, kwamba nimekosea, na kwa kosa langu baba hatajiona na hatasimama. Niliingia jikoni, nikasukuma daftari kati ya mafiga. Liliwaka upesi kuliko kuni. Baba hakusimama. Alifariki kabla ya mvua zilizofuata.

Ilinichukua miaka kujiuliza swali dogo: nani amewahi kujiona akitembea? Baba hakuujua mwendo wake. Aliujua wa baba yake, na alikuwa ameurithi bila mtu kumwambia. Kwa hiyo mchoro ulikuwa sahihi. Au pengine ugonjwa ulimchanganya. Siku zile baba alimwita hata mama kwa majina yasiyo yake. Siwezi kuthibitisha. Yule mpakiaji mzee amekufa, wengine wametawanyika, Anko alihama na hakuna anayejua alikokwenda. Nimebaki na maneno, visigino na bega, na nikiyachora napata mtu yeyote mwenye bega mbele.

Jana nilimwomba mama akae uani anitazame, asicheke. Nilifikiri, kama mwendo ulitoka kwa babu ukafika kwa baba, haukuwa na sababu ya kuishia hapo. Nikatembea kutoka mferejini hadi mlangoni bila kujilazimisha, bila kuliwaza bega. Mama alitazama, kiganja shavuni.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, polepole zaidi.

"Hapana, mwanangu. Wewe unatembea kama mama yangu."

Akainuka, akaingia ndani. Baba hakuwa na mtoto mwingine.