Lugha ya Kulilia Nyumbani

Mwanangu, jana nilikusikia kwenye simu ukimkaripia mjukuu wangu: nyumbani ni Kiingereza tu. Nikakata simu, maana ningekujibu kwa hasira. Leo hasira imepoa, hebu kaa nikusimulie.

Siku ninayoikumbuka nilikuwa Saint Paul, Marekani, mwaka ule nilipopelekwa kama mwalimu mgeni kutazama shule za watoto wanaozungumza Kihispania. Shule yenyewe ilinishangaza: asubuhi walisoma kwa Kihispania, mchana kwa Kiingereza. Sisi huku tuliandika ukutani kwamba Kiswahili ni marufuku, na mwanafunzi aliyethubutu alideki darasa!

Kulikuwa na binti mmoja, Lucía, ambaye wazazi wake walitoka Meksiko. Mchana alikuwa kama bubu. Asubuhi, wee! Mkono juu kabla swali halijaisha. Kihispania sikijui, lakini mtoto anayejua kitu namtambua. Walimu wakakaa kikao kuamua kama arudishwe darasa la nyuma au wamvumilie. Wakaniuliza mgeni nina maoni gani. Nami kwa ujuaji wangu nikasema kile tunachowaambia wazazi kwetu.

"Mama yake aache kuongea naye Kihispania. Nyumbani iwe Kiingereza tu, mtoto atafunguka."

Mwalimu wa Kihispania, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akavua miwani akanitazama. "Mama yake hajui Kiingereza," akasema. "Sasa unataka mama na mtoto wanyamaziane?"

Nikaona amenivunjia heshima mbele za watu. Kikao kikaahirishwa mpaka kesho yake, nami nikapanda basi nimenuna hadi Columbia Heights, nilikofikia kwa Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo. Mama wa watu, Kiingereza kilikuwa kimemgomea kabisa. Furaha, binti yake, Kiswahili alikielewa, lakini kujibu alijibu kwa Kiingereza.

Jioni hiyo Furaha akaingia analia. Akamwangukia mama yake kifuani, akamwaga maneno kwa Kiingereza. Mama akampapasa mgongo, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, mtoto anasema nini? Mi sisikii."

Mwanangu, niliumia. Rafiki yake Furaha alikuwa anahamia Inver Grove Heights, upande wa pili wa jiji, basi. Jambo dogo. Lakini mama mzazi alihitaji mgeni amwambie mwanawe analilia nini, na mimi mchana uleule nilikuwa nimeagiza nyumba ya Lucía iwe vivyo hivyo.

Kesho yake nikaufuta ushauri wangu kikaoni mbele ya wote. Lucía akaachwa darasani kwake, na mama yake hakuambiwa abadili lugha. Kiingereza kilimjia taratibu. Nilipoondoka alikuwa ameshaanza kubishana kwacho na wenzake.

Basi nisikilize. Kiingereza mwanao atakipata shuleni, wala usihangaike. Hicho chako ni cha ofisini, hakitoshi kumbembeleza mtoto. Zungumza naye Kiswahili, mtanie kwacho, mgombeze kwacho, na akikujibu kwa Kiingereza wewe endelea tu. Mungu akulindie nyumba yako, mwanangu. Na siku mwanao akija analia, akujalie umwelewe mwenyewe, usimgeukie mgeni.