Tandika Chini Kwanza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambapo maringo yangu nusura yanipokonye mama yako, mdogo wangu. Ulikuwa mwezi wa Agosti, katikati ya miaka ya tisini, nasi tulikuwa kambi ya vijana wa kanisa kule Ekero, mahema yamesimamishwa kando ya shamba la miwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye kumi na mitatu. Ugonjwa wake wa damu unaujua: baridi ikimwingia, mifupa humuuma hadi apelekwe hospitali. Nyanya yako hakutaka aende. Nilimsumbua wiki nzima, nikaapa kwamba nitamtunza, mwisho akaniachia.

Jioni hiyo mpishi wetu, mama mmoja mzee tuliyemwita Kukhu, yaani nyanya, alirundika majani makavu ya miwa na magunia karibu na jiko, akatuambia tuchukue tukatandike. Sisi wasichana wa Shieywe, watu wa mjini, tukaangaliana tukacheka. Nikamjibu, tena kwa sauti, kwamba hatulali kama ng'ombe. Hata leo nikilikumbuka jibu hilo naona aibu.

Nilikuwa na blanketi tatu nzito. Nikamlaza mama yako juu ya turubai la hema, nikamfunika zote tatu, nikajiona mlezi hodari. Lakini mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, na usiku wa manane nikamsikia analia. Miguu ilikuwa baridi, magoti yanamuuma. Niliogopa, mwanangu, niliogopa sana. Nikakimbia nikabeba jiko la makaa niliingize hemani.

Kukhu alinidaka mlangoni.

"Weka hiyo chini! Unataka kuwaua? Makaa inauanga watu wakiwa wamelala!"

"Lakini Kukhu, anasikia baridi, na nimemfunika blanketi tatu!"

"Umemfunika juu. Na chini je? Baridi inatokanga kwa udongo, msichana."

Hakunigombeza zaidi. Alileta majani mwenyewe, tukayatandika yakawa mazito, magunia juu yake, kisha blanketi moja. Tukambadilisha soksi zilizopata unyevu, tukampa uji moto, na miguuni tukamwekea chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso. Nikalala nimemkumbatia, naomba Mungu kimoyomoyo. Alfajiri maumivu yalikuwa yametulia. Alipoamka akaomba chai na viazi vitamu, nami nikaenda nyuma ya hema nikalia.

Nilipokwenda kumwomba Kukhu msamaha, alicheka tu. "Sasa umejua kwa nini ng'ombe hailiangi usiku?"

Kesho kutwa nawe unakwenda kambi. Tandika chini kwanza, kitu kikavu, tena kingi, ndipo ufikirie kujifunika. Usilale na nguo ya mchana yenye jasho. Kula ushibe. Moto wowote uache nje, hata ukitetemeka namna gani. Na ukifika mahali pa wenyewe, waulize wanalalaje, hata kama jibu lao litakuchekesha. Mimi nilikuwa na blanketi tatu na ahadi kwa mama yangu, na bado ni mzee niliyemdharau aliyeniokolea mdogo wangu.

Nenda, mwanangu, usiogope baridi. Mungu akulaze salama, akuamshe na nguvu, na akuwekee njiani watu wa kukuambia ukweli, nawe akupe masikio ya kuwasikia.