Radhi Ambayo Madina Hakuiomba

Mwaka 1979, vita vilipofika Jinja, Madina Bakhit alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwao ni Bugembe, kando ya barabara kuu ya Iganga. Baba yake, mzee Bakhit, alikuwa amewapikia askari kambini miaka kumi na tisa, na bunduki hakuwahi kuishika. Lakini alikuwa Mnubi, na siku zile Mnubi alihesabiwa kuwa askari wa utawala ulioangushwa, hata kama alishika mwiko tu. Watu waliwapora vitanda na mabati, mwisho wakang'oa hata mlango. Kaka zake wawili walikimbilia Sudan. Mzee hakuweza kusafiri. Alikuwa na uvimbe kwenye taya, na hata kutembea kulimuumiza. Madina akabaki naye.

Namukose, mjane wa Kisoga aliyekuwa jirani yao, aliwapa chumba cha nyuma. Aliwaonya wasiseme Kiswahili kwa sauti, maana wengi walikuwa wamekisikia kwanza kutoka kwa askari waliowapiga.

Hali ya mzee ilipozidi, Madina alimpeleka kwenye zahanati ya mtu binafsi upande wa Nalufenya. Alizungumza Kisoga pale mlangoni, lakini mganga alipombonyeza mzee taya, mzee alilia kwa Kiswahili.

"Huyu alikuwa jeshini?" mganga akauliza.

"Alikuwa mpishi."

Mganga alimgeukia mwenzake, wakazungumza Kiingereza kwa kitambo, wakilitazama lile taya kana kwamba halina mwenyewe. Madina aliishia darasa la nne. Hakuambulia kitu.

"Mrudishe nyumbani, ale vizuri," mganga alimwambia hatimaye. "Mlete baada ya wiki mbili."

"Atapona?"

"Ale vizuri."

Basi Madina akalishika hilo kama amri. Asubuhi alipika uji wa mtama, akauchuja kwa kitambaa, akamlisha mzee kwa kijiko. Mchana tena, na jioni tena. Mzee aligeuza uso ukutani. Uji ulimtiririka shingoni. Usiku aliuma shuka ili Namukose asimsikie, na dawa aliyokuwa nayo ilikuwa vidonge vichache vya aspirini.

Siku ya kumi na moja alimshika binti yake mkono. "Weka bakuli chini. Kaa, nina neno nataka kukuambia."

"Utaniambia ukishakula, Baba."

"Siwezi kula."

"Hutaki," Madina akasema. "Hutaki kupona. Umenichoka, unataka kuniacha peke yangu na hawa watu."

Madina alitua bakuli kwa kishindo, akachukua ndoo, akaenda kisimani. Aliporudi, Namukose alikuwa amesimama pale penye mlango, kanga mdomoni.

Wanaume wanne tu ndio waliothubutu kubeba jeneza. Madina hakumwomba baba yake radhi, wala hakujua ni neno gani alilotaka kumwambia.

Baadaye aliolewa Mbale na Asuman, muuza vitambaa, akazaa watoto watatu. Vita havikuisha upesi. Watu wa Teso walikuja Mbale wakikimbia, na vilipotulia huko, miaka ilikuwa imekwenda. Katika miaka hiyo yote Madina aliamini kwamba alimuua baba yake kwa kumkasirisha. Hakumwambia mtu ila mumewe.

Amani iliporudi, wauguzi wa kikundi kimoja walitafuta wanawake wakazi wa mitaa ya Mbale wa kuwafundisha kutunza wagonjwa wasiopona. Madina alijiandikisha. Mwalimu wao, Sista Margret Nafuna, alifundisha kwa Kiswahili chepesi. Alisema maumivu yana dawa, morfini ya maji, mgonjwa hunywa kwa kipimo. Akasema mtu anayekaribia kufa huacha kutaka chakula kwa sababu mwili unafunga kazi zake, na kumlazimisha ni kumtesa. Mwambieni mwenye mgonjwa ukweli, alisema, kwa lugha anayoielewa.

Madina alinyoosha mkono. "Haya ya chakula mliyajua lini?"

"Zamani, mama. Yamo vitabuni."

"Mwaka sabini na tisa yalikuwamo?"

"Yalikuwamo."

Jioni Asuman alimwambia, "Sasa umejua si wewe uliyemuua. Moyo utulie."

"Utulie vipi?" Madina akamjibu. "Yule mganga alikuwa na neno moja tu la kuniambia, kwamba Baba hatapona. Akaninyima."

Kikundi kilimwalika awasimulie wanafunzi wa uuguzi kisa cha baba yake. Mkuu wa chuo alimwomba asiitaje sehemu ya mganga, asije akawavunja vijana moyo. Madina aliitaja yote, na lile swali lake la jeshini pia. Wanafunzi waliandika. Mwaka uliofuata hakuitwa.

Aliendelea kuwazungukia wagonjwa majumbani mwao. Siku moja aliingia kwa Nabalayo, msichana wa Kimasaba, kabila la huko Mbale, aliyekuwa akimuuguza mama yake mwenye saratani ya kizazi. Alimkuta akimshindilia ndizi zilizopondwa.

"Binti yangu, acha. Mama hatapona. Anachohitaji si chakula."

Nabalayo alimfukuza. "Umekuja kumwitia mama yangu kifo," alisema, na majirani wakasikia.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe nyumbani kwa Madina, macho yamevimba, akauliza midomo iliyokauka inafanywaje. Madina alikwenda naye. Alimwonyesha kulowesha kitambaa safi na kumpitishia mama midomoni polepole. Muuguzi wa kikundi alileta morfini, na mgonjwa akaacha kulia.

Mama yule aliishi siku tisa zaidi. Nabalayo alikaa naye mkekani, wakaongea mambo ya shamba, wakasameheana ugomvi wa zamani juu ya mchumba, na siku nyingine walicheka. Madina alipita kila asubuhi. Watu walimsifu kwa moyo wake mwema.

Lakini alipowasikia wawili wale wakicheka, alisimama uani kidogo kabla hajabisha hodi. Alimwonea wivu msichana yule, wivu mchungu, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.