Minyaa Kwenye Kioo

Mpaka leo nikiona uzio wa minyaa navuka barabara, hata kama upande wa pili ni tope tupu. Watu hucheka. Waache wacheke, macho ni yangu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafanya kazi kwenye kiduka cha picha na uchapaji pale Mwenge, nyuma ya wachonga vinyago. Bosi alikuwa amenunua kompyuta, printa ya rangi na skana, na kazi iliyotuletea watu ilikuwa kurasa za albamu. Unaleta picha zako za harusi au za mtoto, mie naziingiza kwenye kompyuta, nazipanga, nazipamba pembeni kwa maua na majani, halafu nachapa. Maua yote yalitoka kwenye sidii moja ambayo bosi aliletewa kutoka nje. Mie binti wa Mufindi, nimepanga chumba Temeke, mjini sina hata shangazi, nilijiona nimefika.

Nyumba ya nyuma yetu ilikuwa ya bibi mmoja, mwenyeji hasa wa Dar, na mdomo wake ulijulikana mpaka kituo cha mabasi. Mke wa mwanawe alikuwa amejifungua mtoto wa kike, arobaini haijaisha, kwa hiyo hakuwa anatoka nje. Baba mtoto alikuwa kazini Maskati, mwanawe hajamtia machoni. Bibi akaniletea picha za mjukuu, akataka ukurasa mzuri wa kumpelekea mwanawe kwa mkono wa msafiri. Nikampamba yule mtoto kwa akili yangu yote. Bibi akaishika karatasi mbali na uso, akauliza ule mti pembeni ni mti gani. Nikamwambia msonobari. Akauliza na yale meupe juu yake. Nikamwambia theluji.

"Nataka mwanangu akifungua aone mtoto yuko nyumbani," akasema. "Wewe umemzaa mjukuu wangu kwenye barafu."

Niliona haya, we acha tu. Sidii nzima haikuwa na jani hata moja la kwetu. Ndipo nikakumbuka kwamba skana haichagui: chochote unacholaza juu ya kile kioo chake, inakipiga picha. Nikamwomba bibi ruhusa nichume mimea ya uani kwake nipambie hiyohiyo. Akafurahi, akanitajia asumini, mrehani na jani la mstafeli, kisha akachukua kikapu akaenda zake sokoni.

Nikachuma alivyosema. Ningeishia hapo, lakini kiherehere changu! Wakati natoka nikautazama uzio, ule wa minyaa, vijiti vya kijani vimesimama bila jani hata moja, nikaona hakuna pindo la ukurasa zuri kama lile. Na kama ni kumwonyesha mtu kwao, si aone na uzio? Kwetu Mufindi kuna baridi, minyaa sikuwahi kuishika. Kuuliza si ujinga, lakini nani nimuulize, bibi keshaenda sokoni. Nikavunja vitawi vitatu vinne, nikaondoka.

Skana ikapita, picha ikatokea safi, nikashangilia peke yangu. Nilipofunua kifuniko roho ikaniruka. Kioo kizima kilikuwa na utomvu mweupe, mzito, unanata. Mashine ya bosi! Bosi yuko mjini anatafuta wino, akirudi akute kioo kimeharibika, nitamwambia nini? Nikachomoa leso yangu, nikasugua, nikasugua, jasho linanitiririka. Kioo kilipokaa sawa nikashusha pumzi, nikajifuta uso na leso ileile.

Kwanza niliwashwa. Nikafikicha. Halafu kikaja kitu ambacho sijawahi kukipata tena, hata uchungu wa kuzaa ulikuwa na nafuu zake. Pilipili si kitu. Nilijaribu kufumbua macho yakakataa, na machozi yakawa yanatoka yenyewe kama bomba limeachwa wazi. Nikapapasa meza, nikaangusha kiti, nikapiga kelele.

Aliyekuja ni mchonga vinyago wa banda la jirani. Nilisikia harufu ya mpingo kabla hajasema neno. Akanishika viganja, akavinusa, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Sista, umeshika minyaa?"

Nikasema ndiyo. Akaniambia nisifikiche kabisa, akanishika mkono tukakimbia. Njiani, sijui alidhani ananifariji, akanisimulia kijijini kwao alikuwepo mtu mmoja alikuwa anakata uzio kama ule, utomvu ukamruka. Nikauliza akawaje. Akasema yupo, wanawe ndio wanaomtembeza.

Alinipeleka nyumba ya bibi, maana kule ndiko kulikokuwa na mzazi anayenyonyesha. Akasimama mlangoni akaeleza, yule mama akaniingiza ndani mwenyewe. Akanilaza kichwa juu ya beseni akanimwagia maji, kata baada ya kata, mpaka nguo zikalowa chapachapa. Kisha akaniinamia, akanivuta kope kwa vidole, nikasikia matone ya uvuguvugu yanaingia, jicho hili, jicho lile. Yalikuwa maziwa yake. Mtoto alikuwa analia kitandani, na mama yake hakugeuka mpaka alipomaliza na mimi.

Bibi aliporudi akanikuta hivyo. Alinitukana, akamtukana na marehemu mumewe aliyeipanda ile minyaa, kisha akanivisha kanga kavu akanipeleka hospitali. Daktari alisema maji yale yamesaidia sana. Kuhusu maziwa aliguna tu. Akatia dawa, akanifunga macho yote mawili, akasema nirudi baada ya siku nne. Nikamuuliza kama nitaona.

"Tutajua tukifungua," akasema.

Nilimwambia bibi anipakie basi la Temeke. Akaniuliza Temeke nani atanishika mkono kwenda chooni. Basi nikalala kwenye mkeka chumba kimoja na mzazi.

Niliogopa, jamani. Sijui kuogopa kwingine kama kule. Mtu kipofu atapanga kurasa gani? Nilimwona mama yangu akinipokea kituo cha basi Mafinga nimeongozwa kwa fimbo, na nikawa namwona yeye tu, maana hicho ndicho nilichobakiwa nacho, kuona kwa mawazo. Kila nilipozoea kidogo nikasikia jicho la kulia linachoma upya, nikajua basi, ndiyo linakufa hivyo. Nikaja kugundua jambo lingine lililonitia hofu ya ajabu. Uso wa yule mtoto nilikuwa nimeukuza kwenye kompyuta mpaka kope zake nazijua, lakini mtoto mwenyewe sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa analia hatua mbili kutoka nilipo, anapiga chafya, ananyonya kwa kelele, na huenda nisimwone kamwe. Nikalia ndani ya bandeji, na machozi nayo yakawasha.

Siku ya kufunguliwa nilimshika bibi mkono hadi akalalamika. Bandeji ikatoka, mwanga ukanipiga, nikafumba. Sikutaka kufumbua. Daktari akasema fumbua, bibi akasema fumbua, nikafumbua. La kushoto likamwona bibi, ushungi wake wa kijani, midomo yake inacheza kwa dua. La kulia liliona kama mtu anayetazama kupitia chandarua, na chandarua hicho hakijatoka mpaka leo. Nyumbani nilikwenda moja kwa moja kitandani kwa mtoto. Alikuwa na kidoti cheusi kwenye sikio ambacho picha hazikukitoa. Nilimtazama mpaka mama yake akanihurumia, akanipa nimshike.

Niliporudi dukani picha ya mimea ilikuwa bado imo kwenye kompyuta. Bosi alinipa pole, na kioo kilikuwa kizima. Nikapanga asumini juu, mrehani chini, jani la mstafeli kwenye kona. Minyaa nikataka kuifuta. Bibi, aliyekuwa amekaa nyuma yangu kunisimamia, akakataa katakata. Akasema ukitoa uzio, mwanawe atajuaje kama ni kwao? Nikaiacha, ikazunguka ukurasa mzima.

Kisha akaniamuru niandike majina chini ya picha: la mtoto, la baba, la mama, lake mwenyewe bibi. Nikaandika. Akasema bado dada yake mtoto. Nikamuuliza dada yupi, mbona huyu ndiye wa kwanza. Akanitajia jina langu. Nikacheka, nikamwambia bibi, mie na mama wa mtoto tumepishana miaka miwili tu, tena mie Mkristo wa bara, wifi zako watakucheka.

Yeye hakucheka.

"Ziwa ni moja," akasema. "Mwenzio amenyonya kwa mdomo, wewe umenyonya kwa jicho. Andika."

Nikaandika, herufi moja moja, nimeegemeza uso kwa upande wa jicho la kushoto. Nilipomaliza, jina langu lilikuwa limekaa chini kabisa ya ukurasa, karibu na minyaa. Nikanyoosha kidole kuligusa, na nikavuta mkono haraka kutoka kwenye kioo cha kompyuta, japo nilijua ni picha tu.