Mke Mwenza wa Sandukuni

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu niliwaonea wivu mende. Leo nacheka ninapoandika, lakini wakati ule sikucheka hata kidogo. Atakayesema mtu mzima hawezi kumwonea wivu mdudu, huyo hajawahi kukaa sebuleni Karatu, jioni ya baridi, akitazama mgongo wa mume wake.

Mume wangu alikuwa dereva. Aliwaendesha watafiti huko juu Ngorongoro, kwenye ukingo wa kreta, na mmoja wao, Mzungu mrefu mwenye ndevu, alifuga chumbani kwake mende waliotoka Madagaska. Si wale wembamba wa jikoni wanaokimbia ukiwasha taa. Hawa walikuwa wanene, hawana mabawa, rangi ya kahawia iliyokoza, na mmoja tu alitosha kujaza kiganja cha mtoto. Ukimgusa dume alitoa mlio mkali, fsss, kama valvu ya tairi ikibonyezwa. Mzungu alipomaliza kazi yake akarudi kwao, na mende akamwachia mume wangu. Wake wa madereva wengine waliletewa koti au redio. Mimi nikaletewa sanduku la mende.

Nilikuwa nimetoka Kilimanjaro, mgeni kabisa pale. Kiiraqw, lugha ya watu wa pale, sikukijua, marafiki sikuwa nao. Nilitaka kitu kimoja tu katika nyumba ile: jioni mume wangu arudi, akae akinitazama, anisimulie alikopita. Alikuwa mtu wa maneno machache, hilo nililijua tangu uchumba, nikajipa moyo kwamba tukishaoana atafunguka. Na kweli alifunguka. Alilifungukia sanduku.

Akirudi alinisalimu, akavua viatu, akavuta kigoda hadi dirishani lilipokaa sanduku, akanipa mgongo. Kisha akaanza kuwasemesha taratibu, kwa Kiiraqw. Mimi nilikuwa na fungu langu la Kiswahili cha shuleni: chakula tayari? kesho nakwenda Kakesio, funga mlango. Wale walipewa lugha aliyozaliwa nayo, sentensi ndefu ndefu, na mara nyingine alicheka nao. Nilikaa nyuma yake, bakuli la makande likipoa mapajani, nikitega sikio nipate hata neno moja ninalolijua. Sikulipata.

Na mafuta yangu je! Mende hao hupanda popote, hata kwenye kioo, na Mzungu alikuwa amemfundisha mume wangu kupaka ukingo wa sanduku mafuta mazito ili wateleze wasitoke. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, rafu za maduka tupu, sabuni ya kupangia foleni. Kopo langu la mafuta ya mgando alinipa dada yangu siku ya arusi, nami nilikuwa najipaka kwa ncha ya kidole, usoni tu, visigino nikaviacha vipasuke. Siku moja nikalifungua nikakuta limekombwa. Nikageuka, sanduku linang'aa.

"Umewapaka mende mafuta yangu?"

"Si mende. Nimepaka sanduku," akasema bila kugeuka. "Wakitoka si utapiga kelele?"

Ndizi mbivu nazo zilikwenda hukohuko, zile laini, na mimi nikabaki na zenye utomvu. Humo ndani kulikuwa na jike mmoja mkubwa, na huyo ndiye niliyemchukia kuliko wote. Mzungu alikuwa amemwambia mume wangu kwamba mende hawa hawaachi mayai pembeni kama wengine. Jike huyabeba tumboni mpaka azae watoto hai, weupe pe. Basi mume wangu akawa anasubiri kuona hayo kwa macho yake. "Taratibu na huo mlango," aliniambia. "Ana mimba." Mimi nilikuwa natoka bombani na ndoo kichwani, na hakuna aliyesema taratibu kwa ajili yangu.

Nikafanya kosa la kulalamika hukohuko bombani. Wanawake walishika mbavu. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yangu: "Bibi harusi, mke mwenzio hajambo?" Mwingine akauliza kama padri anajua kwamba tumo wawili. Nilicheka nao, kisha nikarudi nyumbani nikalipiga sanduku teke dogo. Dume akanijibu fsss.

Mwezi wa saba ukaja na ukungu wake. Nyumba yetu ilikuwa ya bati, ya kwanza katika ukoo wao, na mume wangu alijivunia hiyo nyumba mno. Alikuwa amezaliwa kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa la udongo, ambamo ndama na mbuzi hulala ndani pamoja na watu. Kwake aliapa kwamba hataingia mnyama. Mende, sijui kwa nini, hakuwahesabu. Lakini bati usiku wa baridi ni adhabu, na sanduku lilikaa dirishani, mahali pa heshima. Mende wakaanza kuzubaa. Ndipo mume wangu akapewa safari ya Kakesio, ya siku nyingi, na kabla ya kuondoka akanihutubia kuliko siku zote tangu tuoane. Hotuba nzima ilikuwa ya mende.

Hakuwa amefika mbali mende walipoacha kula. Nikamgusa dume kwa kijiti, kimya. Nilifurahi, nasema kweli. Nikaanza hata kupanga pale dirishani nitaweka nini. Halafu nikamwona akilini mume wangu amerudi, amekaa kwenye kigoda mbele ya sanduku tupu, anawaomboleza kwa Kiiraqw mwaka mzima, mgongo kwangu. Hapana. Heri walio hai, ningeweza kugombana nao.

Nikalifunga sanduku kwa kanga, nikajitwika, nikapanda mlima hadi kwenye tembe ya mama mkwe. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Akachungulia, akanitazama, akachungulia tena.

"Hii nini?"

"Mifugo ya mwanao, mama. Inakufa kwa baridi."

Hakushangaa. Akanishika mkono tukaingia hadi kule ndani walikofungwa ndama, ambako hewa ilikuwa nzito na ya moto kama pumzi. "Ndama iko moto," akasema. "Weka hapa."

Nikawa napanda kila asubuhi na maganda ya ndizi. Wakarudia kula, dume akarudia kelele zake. Asubuhi moja nikamkuta mama mkwe amechuchumaa kando ya sanduku, ananiita kwa mkono. Jike alikuwa anazaa. Walitoka weupe, wadogo kama punje za mchele zenye miguu, wakajibanza chini ya tumbo lake, naye akatulia asiwakanyage. Tukatazama mpaka walipoanza kugeuka kahawia. Mama mkwe akasema kitu kwa Kiiraqw. Nikamwomba akirudie, na mimi nikakirudia, mpaka aliporidhika nacho.

Mume wangu aliporudi aliangalia dirishani kabla ya kuniangalia mimi.

"Wako wapi?"

"Kwa mama."

"Wamekufa."

"Amezaa."

Akakaa kwenye kigoda na viatu vyake vyenye vumbi. "Uliona?"

"Niliona. Na mama pia."

Hapo akanitazama. Nilikuwa nimeijua ile sura miezi mingi, kwa kuwa ilikuwa yangu: sura ya mtu aliyeketi nyuma ya mgongo wa mwenzake. Alikuwa ananionea wivu. Sitaficha, moyo wangu ulipoa.

"Nisimulie," akasema.

"Kula kwanza."

Alikula upesi, kisha akageuza kigoda kikanielekea. Nikamsimulia polepole. Siku ile nilisimulia hadi walipoanza kutoka tu, nikasema nimechoka. Kesho yake akawahi kurudi. Nikamsimulia weupe wao, na jinsi mama yao alivyotulia, na nikaongeza chumvi kidogo. Nilipofika walipogeuka kahawia akauliza, "Na mama alisemaje?"

Nikamwambia maneno ya mama yake, kwa Kiiraqw, kama nilivyofundishwa. Lazima niliyaharibu, maana alicheka. Akanisahihisha, kisha akaendelea, sentensi ndefu, taratibu, kwa lugha ile ya dirishani, akinitazama machoni.

Sikuelewa hata neno. Nikamwambia arudie.